Niliipeleka Noah ya Mwalimu hadi Lumuma, kiti cha mbele hakikuwa na mtu

Wakuu, salama humu ndani? Waliotutangulia kiumri, shikamooni.

Mimi huwa msomaji tu. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani. Sijaongeza chumvi, anayeamini aamini.

Naendesha carrier, lile lori la ghorofa mbili linalobeba magari kutoka bandarini Dar kwenda mikoani mpaka Tunduma. Watu wanaiona kazi rahisi. Kumbe unatembea na magari ya watu mgongoni, kila kona unachungulia kioo uone kama minyororo imeshika. Na yana kelele zake. Kioo kinagonga, alamu inapiga yenyewe katikati ya mbuga. Unazoea. Ndiyo maana mwanzoni sikushtuka.

Safari hiyo mteja mmoja alikuwa mwalimu mstaafu wa Kilosa, pale Mabwerebwere. Nitamwita Mwalimu Yohana. Alikuwa ameagiza gari aina ya Noah. Tulikubaliana niishushe Mikumi, niache lori yadi, kisha niiendeshe mwenyewe mpaka kwake.

Mchana nikiwa njiani akapiga.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Leo utafika?"

"Nafika, Mwalimu."

"Nakuomba sana uwahi."

Sikumuuliza kwa nini.

Nilifika Morogoro saa kumi. Kulikuwa na mechi. Nikaegesha, nikaangalia mpira na jamaa zangu, nikalala hukohuko. Alipopiga tena jioni nikamwambia nimekwama foleni ya mizani. Nilidanganya kwa sauti ya kawaida kabisa, wakuu.

Kesho yake nikaingia mbugani asubuhi, ukungu umelala barabarani. Twiga watatu wamesimama pembeni, hawali, hawatembei, wananitazama tu. Saa mbili nikawa Mikumi. Nikashusha Noah, nikashika njia ya Kilosa.

Kabla sijafika kijiji cha Ulaya, mlio ukaanza.

Tii. Tii. Tii.

Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu ya mkanda wa abiria. Wenye magari mnaijua, inawaka mtu akikaa bila kufunga mkanda. Nikatazama kushoto. Kiti kitupu. Hakuna begi, hakuna hata karatasi. Nikakipiga ngumi, wapi. Nikasimama, nikazima gari, nikawasha upya. Kimya kidogo, halafu tii, tii, tii.

Nikajisemea sensa ya kiti imekufa.

Nikampigia Mwalimu nimwambie nakaribia. Simu ikaita mpaka ikakata.

Mabwerebwere nikakuta watu wamejaa uani, vijana wanafunga turubai. Nikashuka na funguo mkononi. Mama mmoja mtu mzima akaletwa kwangu, ameshikwa mabega. Alikuwa Mama Neema, mke wa Mwalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwalimu ametutoka asubuhi hii."

Alikuwa na rufaa ya kwenda Morogoro kwa ajili ya moyo. Watoto walitaka kukodi gari tangu jana, akakataa, akasema gari lake liko njiani. Alfajiri alizidiwa, wakampakia bodaboda, mtu nyuma amemshikilia. Hospitali walifika naye akiwa hai. Akafariki saa tatu na nusu.

Saa tatu na nusu mimi nilikuwa nakaribia Ulaya, nikipiga kiti ngumi.

"Alikuonea huruma," mama akaniambia. "Alisema kijana wa watu kakwama mizani, sijui kama amekula."

Nikamkabidhi funguo.

Wazee wakaniomba niwapeleke Lumuma, nyumbani kwa Mwalimu, akazikwe huko. Gari lilikuwepo, dereva wa kupanda ile milima hawakuwa naye. Bosi aliponipigia akafoka nirudi kwenye lori. Nikazima simu.

Tulilaza viti vya nyuma, jeneza likaingia. Mama Neema akakaa ubavuni mwa jeneza, na mdogo wake Mwalimu upande wa pili. Nilimkaribisha huyo mdogo mtu aje mbele, akasema anamshika kaka.

Tumeanza tu kupanda, tii. Tii. Tii.

Nikatazama kushoto, kiti kitupu. Sikuwa nimemwambia yeyote habari za ule mlio.

Kisha nikamsikia Mama Neema, taratibu, kama anayeomba chumvi mezani.

"Mfungie mkanda, baba. Mwalimu hapendi kukaa nyuma."

Nikasimamisha gari. Nikauvuta mkanda juu ya kile kiti kitupu, nikauchomeka.

Kimya.

Mpaka Lumuma, mashimo yote yale, haukulia tena.

Tulizika kesho yake. Watu walipotawanyika nikamfuata mama, nikapiga magoti. Nikamwambia hakukuwa na foleni yoyote, niliangalia mpira nikalala.

"Umelisema," akajibu. "Mimi sina nguvu ya kulibeba leo. Nenda kazini, baba. Na usinipigie simu kuniuliza kama nimekusamehe."

Sijapiga mpaka leo.

Madereva wenzangu, mteja akikwambia uwahi, muulize kuna nini. Sekunde mbili tu. Na kama umechelewa, sema umechelewa, labda yule mtu angekodi gari lingine.

Mafundi watasema ni waya. Sibishani nao. Ila kuna aliyewahi kukutana na kitu kama hiki barabarani? Na kwa mnaojua mambo ya watu, nimwache mama kama alivyosema, au niende Kilosa mwenyewe?