Mama Zuhura kaisafisha bustani yangu

Nimerudi kutoka msikitini, bustani yangu haipo.

Wapita njia hapa Chamazi huiona pori. Kumbe ni maua ya mwituni niliyoyachimba kwetu Mtoni siku tuliyohamishwa. Sina kingine cha kule.

Jirani yangu, Mama Zuhura, kashika ufagio. Uwanja mweupe pee.

"Shikamoo babu! Leo nimekutoa porini. Nyoka watajificha wapi tena?"

"Marahaba, mwanangu. Ahsante."

Mtu kakusafishia uwanja, utamgombezaje?

Nikamuuliza mizizi kaipeleka wapi.

"Imenishinda kung'oa, babu. Migumu kama mwenyewe!"

Nikamshukuru mara ya pili. Akadhani ni kwa kufagia.

Tangu hapo situlii. Nakaa, nainuka, naukagua mchanga mtupu. Mvua ikinyesha maua yatachipua.

Naye kaahidi kurudi Ijumaa kusafisha tena. Nyie, namwambiaje?