Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, ingawa hakuwahi kuzaa. Alichokuwa nacho ni pasi nzito ya mkaa na mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, na watani walisema vyote viwili vinaunguza ukivishika vibaya. Kazi yake ilikuwa udobi wa kasri. Kila asubuhi aliingia kwa mlango wa nyuma, akafua mashuka ya mfalme, vitambaa vya meza na sare za walinzi, kisha akavianika uani.

Dobi hahitaji kuambiwa habari za nchi. Vitambaa vya meza vilimfikia vimelowa mvinyo na mafuta ya nyama hadi kwenye pindo, wakati huko nje watu walipanga foleni ya unga tangu alfajiri. Unga wenyewe ulitozwa kodi kinuni, ukatozwa tena sokoni, ila jamaa za mfalme hawakutozwa popote. Sare za walinzi nazo zilikuwa viraka juu ya viraka. Mama Pasi alizikung'uta akicheka peke yake. Mfalme gani huyu, mkono wa birika hata kwa wanaomlinda asiuawe?

Lakini kilichowatia watu wazimu hasa ni maji. Katikati ya ukame kasri likachimba bwawa la samaki wa mapambo, na mabomba ya mitaani yakafungwa kwa muda. Huo muda nao haukuisha. Wazee wa mtaa wakakubaliana kwa siri, katika karakana ya fundi viatu, waende kwa mfalme wamweleze kwa adabu kwamba watoto wanakunywa matope. Walikamatwa kabla hawajalifikia lango. Walinzi walikuwa wanawasubiri, tena walijua hata nani angesema nini. Hakuna mzee aliyerudi.

Tangu hapo mtaa ukaharibika. Watu walisalimiana huku wakipimana macho, na jirani akikohoa upande wa pili wa ukuta, maongezi yalikatika. Kila mtu alikuwa na wake wa kumshuku. Muuza mkaa alishukiwa kwa kuwa anauliza sana, kinyozi kwa kuwa haulizi kitu. Mama Pasi alijua kwamba naye anasemwa, maana riziki yake inatoka kwa mfalme, ila alijitia hamnazo. Kilichomnyima usingizi ni jinsi macho yalivyoanza kumganda mdogo wake. Kijana alikuwa aende na wazee, na asubuhi ileile akaumwa tumbo. Mama Pasi alikuwa tayari kuapa kwamba aliumwa kweli. Si yeye ndiye aliyemkorogea uji?

Kisha likazuka la koti. Mdogo wake alilivua karakanani kwa sababu ya joto, fundi viatu akalipokea alitundike, na ndani ya kola akaona mshono wa uzi mwekundu. Hakuna asiyeujua uzi ule. Ndio alama ya nguo za kasri. Jioni hiyo kijana alikuwa amefungwa kamba kwenye benchi la karakana, na mke wa fundi viatu akatumwa kumwita dada mtu aje amuage.

Njiani Mama Pasi alijua kwamba kosa lilikuwa lake. Maji ya kasri yalikuwa ya nguo za kasri tu, na bawabu wa ua wa kufulia alikagua kola moja moja. Mama Pasi alichoka kuona maji safi yakimwagika mferejini ilhali majirani zake wananuka jasho. Basi akawa anaficha nguo zao chini ya mashuka, anazitia uzi mwekundu, anazifua, na akifika nyumbani anaufumua kabla ya kumrudishia mwenyewe. Walidhani anafua kwa maji ya kununua. Bawabu, mzee mwenye jicho moja, alimgundua mapema, akakubali kulifumba na hilo moja kwa ajili ya kipande cha sabuni. Habari ya bawabu Mama Pasi alimwambia mdogo wake tu, na siku hiyo walicheka mpaka machozi. Uzi wa kwenye koti aliusahau.

Akisema ukweli, anajitia kitanzini: kuiba maji ya mfalme ni jela, na sikio la kasri huenda limo mlemle karakanani. Akinyamaza, mdogo wake hafiki kesho.

"Mama Pasi, na wewe hatuna ugomvi," fundi viatu alimwambia, kisu cha ngozi mkononi. "Ila huyu katuuzia wazee wetu."

"Hajauza mtu. Uzi nimeutia mimi."

"Wewe? Wa nini?"

"Nilifue kwa maji ya mfalme. Na shati lako hilo pia. Na gauni la mkeo analoringia kanisani kwa kutakata. Haya, geuzeni kola zenu!"

"Dada, usi—" mdogo wake alianza.

"Nyamaza! Ungejitetea kabla hawajakufunga."

Wakageuza. Kila kola ilikuwa na vitundu vya sindano vilivyojipanga, na hapa na pale unyuzi mwekundu uliobaki. Mke wa fundi viatu akaangua kicheko. "Kumbe wote ni watu wa kasri!" Hata aliyeshika kamba alicheka. Kijana akafunguliwa.

"Na pale mlangoni ulikuwa unapitaje?" kinyozi akauliza.

"Kwa akili zangu," Mama Pasi alijibu. Bawabu hakumtaja. Alikuwa mzee wa watu, mwenye wajukuu, na pale ndani hakumwamini mtu ila mmoja.

Asubuhi hajawasha hata mkaa, walinzi wakawa mlangoni. Walimfunga mikono, mkubwa wao akatangaza kosa lake mbele ya watu waliojaa barabarani. Mama Pasi hakushangaa. Alijua kwamba sikio lilikuwepo. Ndipo akamwona, nyuma ya walinzi, bawabu amefungwa kamba, mdomo umevimba, kipande cha sabuni kimetundikwa shingoni.

Bawabu hakutajwa karakanani, wala sabuni. Alitajwa nyumbani, mara moja, kwa mtu mmoja. Uji, tumbo, wazee waliosubiriwa njiani, vyote vikamjia kwa mpigo. Mdogo wake alipewa nini, au alitishwa na nini, hakujua.

Wanawake walikuwa wameziba njia na ndoo zao tupu. Mwenzao anafungwa kwa kuwafulia nguo! Jiwe la kwanza likaruka, likafuata la pili. Mlinzi mmoja akamwona mkewe kati ya wenye ndoo, akaweka rungu chini. Wenzake wakatazama viraka magotini mwao, wakaweka ya kwao. Watu wakaanza kusukumana kuelekea kasrini, na mbele yao wote alikuwa mdogo wake, akipaza sauti hadi mishipa ya shingo inamtoka, "Mwachieni dada yangu!"

Fundi viatu akamkata Mama Pasi kamba kwa kisu chake. "Tuambie kabla hatujaenda huko. Nani katuuza? Wewe unajua, uso wako unasema."

Mdogo wake aliacha kupaza sauti, akageuka, akamtazama dada yake. Mama Pasi alimpenda hata wakati ule, na alijichukia kwa hilo.

"Sijui," akasema.

Fundi viatu akatafakari kidogo. "Jana kuna mtu aliuliza ulikuwa unapitaje mlangoni," akasema, akamgeukia kinyozi, kisu bado kiko mkononi.

Mama Pasi akafungua mdomo, akaufunga.