Modemu Iliyojiita Flashi

Baba yangu alikuwa kiziwi tangu utotoni. Sisi binti zake wawili tulizungumza naye kwa mikono, kwa ishara za nyumbani kwetu tu, ambazo mtu mwingine hapa Babati asingezielewa. Mdogo wangu alipoolewa Dar es Salaam, simu haikumsaidia baba kitu. Alitaka kumwona. Ndipo nikanunua laptopu ya mtumba na modemu ya bei rahisi. Kila Jumapili baada ya ibada, baba aliketi mbele ya kioo cha laptopu, kwetu Nangara, akapiga soga na binti yake bila sauti.

Mwaka ambao mdogo wangu aliugua figo, laptopu nayo ikaingiliwa na virusi hadi ikagoma kuwaka. Nikaipeleka kwa fundi karibu na stendi.

"Dada, nitakuwekea mfumo mwingine, wa bure," alisema. "Huu hausumbuliwi na virusi."

Kweli, ikawaka haraka kuliko zamani. Nyumbani nikachomeka modemu. Taa yake ikawaka, lakini kwenye kioo kikatokea kitu kama flashi, chenye mafaili yasiyofunguka. Mtandao hakuna. Nikachomoa, nikachomeka upande wa pili. Baba alikuwa ameshavaa shati lake la kanisani.

Kesho yake nikarudi kwa fundi.

"Modemu hizi zimetengenezewa ule mfumo wa mwanzo," alisema. "Huu unaiona yako kama flashi tu. Kuna programu ndogo ya kuigeuza iwe modemu tena, ila kuipakua kunahitaji mtandao."

"Na mimi mtandao ndio ninaoutafuta!"

Akaipakua kwenye kompyuta yake, akaiweka kwenye yangu. Ikakataa. Akatafuta nyingine. Nilipita pale kila nilipotoka kazini, nikamkuta ameinamia modemu yangu. Kumpeleka baba dukani kwa fundi hakukuwezekana, nyonga yake ilikuwa imevunjika mwaka uleule. Simu zetu zilikuwa za kitochi, zisizoonyesha video. Shemeji, mume wa mdogo wangu, alipiga: "Anamuulizia baba. Anaomba amwone." Nikiingia ndani baba ananitazama mikono, nami namwambia, kesho.

Hatimaye ikakubali. Fundi alikuja mwenyewe hadi nyumbani kuhakikisha. Shemeji akaielekeza simu yake kitandani hospitalini. Mdogo wangu alikuwepo, macho wazi, uso umevimba.

Baba akaanza kwa pupa. Umekula? Unaumwa wapi? Ng'ombe amezaa jike. Mdogo wangu alimtazama. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya shuka, mmoja una dripu. Akajaribu kuuinua ule mwingine. Ukapanda kidogo, ukaanguka.

Baba akanigeukia. Mbona hasemi?

Amechoka, nikamjibu.

Akaendelea kumsimulia taratibu, kama anavyoambiwa mtoto: mvua zilivyochelewa, mahindi ya shamba letu la Mutuka yalivyonyauka, jirani aliyeanguka na baiskeli. Fundi alisimama mlangoni akatazama nje. Kisha picha ikaganda, na hatukuipata tena.

Mdogo wangu alifariki siku iliyofuata. Mwili ukaletwa, tukamzika hapa nyumbani. Watu wengi walikuja, wakamshika baba mkono na kumwambia maneno ambayo hakuyasikia, naye akaitikia kwa kichwa kila mmoja. Walipotawanyika aliniuliza kama mdogo wangu alimwelewa siku ile.

Nikamwambia ndiyo, alielewa yote. Akaitazama mikono yangu, kisha akaomba nimsaidie kuingia ndani.