Pale Anapofumba Mdomo

Mama fundi cherehani ana kidole gumba chenye sugu ya mkasi, na sauti inayojaza kanisa mpaka kwaya inamwonea wivu. Lakini tangu mwanawe afie kwenye gari aliloliendesha shemeji yake akiwa amelewa, Sala ya Bwana ikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, yeye hufumba mdomo na kupapasa pindo la gauni. Shemeji huyo hukaa nyuma kabisa, mlangoni. Jumapili hii mama akafumba vilevile. Watu walipokwisha kuitikia amina, akausema ule mstari peke yake, polepole, kama anayetunga sindano gizani. Mchungaji akamsubiri. Ibada ilipokwisha, mama akaenda moja kwa moja mlangoni.

“Shemeji, kifungo chako kinaning’inia. Kesho niletee hilo shati.”