Kipima nguvu kimenitangaza dhaifu

Leo nimepanda mlima kutoka Mtowisa kwa baiskeli, na simu ikaniambia nina nguvu za mgonjwa.

Mnajua nilivyohangaika kuchagua hiki kipima nguvu cha baiskeli, kinachotuma namba kwenye simu. Kile kinachosoma miguu yote miwili kinauzwa bei ya ng'ombe. Nikachukua cha bei ya mbuzi, kinachofungwa kwenye krenki ya kushoto, ule mkono wa chuma unaoshika pedali.

Basi leo ndiyo mara ya kwanza nakijaribu. Nimekanyaga mpaka jasho likaingia machoni. Mshikaji wangu Deo nimemwacha nyuma kabisa.

Kufika juu naangalia simu. Wati za kutia aibu!

Deo akafika, akasoma, halafu akautazama mguu wangu.

"Kaka, hiki kinapima mguu wa kushoto tu, kisha kinazidisha mara mbili. Na wa kushoto si ndio ule?"

Ndio ule. Ule uliokanyagwa na maksai tukilima shamba la baba. Tangu hapo unamsindikiza tu mwenzake.

Yaani niliangalia bei, nikausahau mguu wangu mwenyewe.

Nimerudi nyumbani Mazwi hoi. Nikamsimulia mke wangu, aliyekuwa anapukuchua mahindi peke yake tangu asubuhi. Hata kichwa hakuinua.

"Kwa hiyo mguu unaofanya kazi ndio hauhesabiwi?"

"Ndiyo."

"Pole. Sasa na wewe umeonja."



Nimevuta kigoda, nikaanza kupukuchua.