Kina cha Kati

Hebu mtazame, ndugu yangu, anavyoingia: Mwanamvua binti Salumu, msusi wa mikeka wa Dunda, mtandio kaufunga chini ya kidevu, mkeka kwapani. Leo ni arobaini ya kaka yake Mrisho, mpagazi aliyekwenda bara na msafara asirudi. Wanawake wamejaa ukumbini, wanamngoja aghani tungo la maombolezo.

Mlangoni kasimama Bwanausi, mkuu wa msafara ule.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Nasikia kuna beti inanitaja. Iruke."

"Niiruke vipi?"

"Mtunzi waniuliza mimi? Utenzi ni kuku. Mnyonyoe unyoya mmoja, nani atajua? Na nyumba unayolala imo kiwanjani mwangu, usisahau."

Beti hiyo ilisema aliyoyaona mpagazi mwenzake Mwishehe: Mrisho hakufa kwa homa, kama Bwanausi alivyotangaza. Aliachwa njiani, huko Vigwaza, angali hai, anawaita, kwa kuwa mzigo ulimshinda.

Lakini kuna jambo Bwanausi hakulijua. Huko misheni Mwanamvua alikouza mikeka, bruda mmoja Mtaliani, mtawa mgonjwa wa miguu, alimghania utungo mrefu wa kale wa kwao, wa mtu aliyepita motoni, toharani, hata peponi. Skolastika, mpishi, akamfasiria. Maneno mengi yalimpita, umbo likamkaa. Mishororo mitatu mitatu: wa kwanza na wa tatu kina kimoja, na kina cha kati ndicho kinachofungua beti ifuatayo.

"Kumbe ni ususi huu!" alisema. Chane moja ya ukindu yaishika nyingine. Ichomoe, pengo laonekana.

Ndivyo alivyomtungia kaka yake. Sasa akaketi ukumbini, akaanza. Hazikupita beti nyingi, wanawake wakaing'amua njia. Kila kina cha kati wakakivumisha, wakingojea mwenziwe.

"We mtoto," alinong'ona shangazi yake, Bimdogo, "umetutega!"

Akafika hapa:

*Katoka Mrisho, mzigo kichwani,*
*Akatupungia, akashika njia,*
*Wenzake wafika, yeye yu nyikani.*

"Njiaaa," wakavuma wanawake, shingo mbele.

Barazani Bwanausi akakohoa.

Beti iliyofuata ndiyo yake. Ya baada yake ilianza kwa kina kingine kabisa. Mwanamvua akiirukia, ukumbi mzima utajua kuna kilichochomolewa, na utauliza ni nani aliyekichomoa. Akiisema, kesho atautandika wapi mkeka wake?

Mwanamvua akavuta pumzi. Ungekuwa wewe, msomaji wangu, na kikohozi kile kiko mgongoni mwako, mdomo wako ungefunguka na beti ipi?