Bibi Shamba Aliyeitafuta Mahakama

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Nachingwea. "Mwalimu, bibi shamba wetu hatunaye." Nikakaa chini. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kuwa sipendi kuandika tanzia, maana kwetu mtu akishafariki hugeuka malaika papo hapo. Huyu hakuwa malaika. Alikuwa na mdomo mkali, na mkulima aliyepuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho jua likiwa limeshapanda, badala ya alfajiri, alisemwa mbele ya mkewe mpaka akatamani ardhi impasukie. Lakini watu wa Mbekenyera walimpenda, kwa sababu ugonjwa wa mikorosho wa ubwiri unga ulipoingia mashambani yeye ndiye aliyefika kwanza. Miaka ya tisini, nilipokuwa nafundisha Ruangwa, alizunguka vijiji vyote vya huko kwa baiskeli, gauni juu ya suruali, ushungi kichwani.

Kikatokea cheo cha kusimamia mabwana shamba wenzake. Kwa kazi na kwa miaka, kilikuwa chake, wala hakuna aliyebisha. Mkubwa wake akamwita mbele ya watu ofisini, akasema, "Cheo hiki kina pikipiki. Mwanamke wa Kiislamu kupanda pikipiki, wakulima watatuelewaje?" Wenzake wakainamia meza zao. Cheo akapewa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Jioni alikuja kwangu, hakulia, aliuliza tu, "Mwalimu, hivi mtumishi wa serikali akibaguliwa na wakubwa zake, anashtaki mahakama ipi?" Mimi na elimu yangu yote nikamtajia mahakama ya mwanzo.

Akaenda huko, maana ndiyo tuliyoijua sote. Hakimu akamsikiliza kwa upole, kisha akasema, "Mama, hapa kwetu ni mbuzi, mipaka ya mashamba na talaka. Mwajiri wako ni serikali, sina mamlaka." Mzee mmoja wa baraza, Mmwera asiyejua kunong'ona, akadakia, "Ala! Sasa serikali ikikosea, mtu aende kwa nani?" Watu wakacheka. Kwenye ofisi ya kazi nako akaambiwa yeye si kibarua wala mtu wa dukani. Basi akafunga safari hadi Mtwara, Mahakama Kuu. Huko karani mmoja, Mungu ambariki popote alipo, akamketisha na kumweleza: "Mama, umeanzia mlango wa mwisho. Lalamika kwanza kwa mwajiri wako. Akikukatalia, kata rufaa kwenye tume inayosikiliza watumishi wa umma. Tume nayo ikikiuka haki, hapo njoo kwa majaji." Nilipompokea kituoni alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi, nikamshauri aache. Akanitazama kama mkorosho usiozaa. "Niache? Nimesafiri kote huko kuulizia njia, halafu nisiipite?"

Mwajiri alikataa, kama ilivyotarajiwa, na rufaa ikaenda tume. Shida ikawa ushahidi. Mkubwa alikana kutamka maneno yale, na wale waliokuwepo ofisini wote wakapatwa na usahaulifu wa ghafla. Mmoja alidai alikuwa nje anakunywa chai! Nilikasirika sana, kwa sababu nilijua kwamba bila shahidi angeonekana mwanamke mwenye wivu tu. Aliyesimama kumsemea ni yule yule kijana aliyepewa cheo. "Maneno hayo yalisemwa, nami nilikuwepo," alisema. "Kila nikiipiga kiki ile pikipiki naona aibu." Tume ikaikubali rufaa, cheo kikatangazwa upya, wakasailiwa wote, na bibi shamba akashinda. Kijana ndiye aliyemfundisha kuendesha. Alianguka mara kadhaa, na kila mara kosa lilikuwa la pikipiki.

Nilipokwenda kuhani, muuguzi mmoja wa zahanati ya kijijini alinifuata mkekani. Alikuwa ameondolewa na mkubwa wake kwenye mafunzo kwa sababu ana mimba. Nikakohoa, nikaanza kumhubiria: mwajiri kwanza, kisha tume, kisha Mahakama Kuu. Akanikatiza kwa adabu, "Shikamoo tena, mwalimu, njia hiyo marehemu alishanielekeza. Ninachokosa ni mtu wa kusema alichosikia." Halafu mwenzake aliyekaa pembeni, naye muuguzi, akaweka chini kikombe chake. "Mimi nilisikia," akasema. "Nitasema." Ndugu zangu, nchi inabadilika, nimeiona kwa macho yangu pale msibani. Mahakama zipo, na milango yake siku hizi inajulikana. Lakini hakuna jaji atakayesikia kilichosemwa ofisini kwako kama wewe uliyekuwepo umeamua kunyamaza.